Mkoba wa Bandia na Kofia ya Mashine

Kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, njia kuu ya mji wa Lamu, ile wenyeji wanayoiita Usita wa Mui, hujaa watu kiasi cha punda kukosa pa kupita. Usiku mmoja kama huo nilikuwa nimesimama mbele ya duka la mikoba nikimsubiri dada yangu, nikamsikia msichana akimuuliza mwenye duka kama mkoba alioushika, wenye zile herufi mbili za G zilizoumana, alama ya Gucci, nyumba ya mitindo ya Italia, ulikuwa orijino. Mwenye duka, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, hakubabaika. "Orijino huipati hapa, mwanangu," alimwambia. "Hii ni kopi, lakini kopi ya kwanza." Msichana akacheka, nami nikacheka, akaomba apunguziwe, akalipa shilingi 1,800 na kuondoka na mkoba wake wa Idi.

Kisa hicho nimekisimulia barazani mara mbili tatu, na kila mara kimezua mabishano. Mmoja husema huo ni wizi, na aliyenunua ni mshirika wa aliyeuza. Mwingine husema hapana aliyedanganywa, kwa kuwa ila ya bidhaa ilitajwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Wa tatu huuliza kwa nini watu wa Lamu wawahurumie matajiri wa Milan na Paris, ambao hawajui hata kisiwa chetu kiko upande gani wa bahari. Nimewasikiliza wote, na ninavyoona mimi, kila mmoja wao hujibu swali lake mwenyewe akidhani anawajibu wenzake. Kumdanganya mnunuzi ni jambo moja, kumdhulumu mwenye jina ni jambo la pili, na kumdanganya anayekutazama ukipita njiani ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa safi katika moja na mwenye hatia katika jingine, na ndiyo maana mjadala huu haumaliziki kwa kusema "halali" au "haramu" kwa mkato mmoja.

Kwanza lazima tukubaliane bandia ni nini, kwa sababu neno hili hutumiwa ovyo. Kuiga mshono si kughushi. Abaya ya mkato mpya ikitokea Dubai mwezi wa Shaabani, kabla ya Idi mafundi wa mtaa wetu wa Langoni huwa wameshaishona, na hakuna anayewaita wahalifu, maana mitindo tangu zamani huishi kwa kuigana. Mkoba unaofanana na wa nyumba maarufu ya mitindo kwa umbo, kwa rangi na kwa mpangilio wa mifuko, lakini usiobeba jina wala alama ya nyumba hiyo, kwa kawaida ni mkoba wa kufananisha tu, ingawa zipo nchi ambako hata umbo lililosajiliwa hulindwa. Ubandia unaanza pale fundi anapobandika jina la mtu mwingine. Jina kwenye bidhaa ni kauli: linasema nimeshonwa na fulani, na ukiniona na kasoro, mtafute fulani. Anayelibandika bila ya kuwa fulani ametoa ushahidi wa uongo kwa uzi na sindano.

Sheria za Kenya zinafuata takriban mstari huo huo. Nembo zinalindwa na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na tangu mwaka 2008 ipo pia sheria mahususi ya kupambana na bidhaa ghushi, ambayo ndiyo iliyozaa mamlaka ya serikali inayosaka bidhaa hizo bandarini na madukani. Kuzitengeneza, kuziuza, na kuwa nazo kwa ajili ya biashara ni makosa, na anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya bidhaa hizo sokoni, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo inamtazama zaidi mfanyabiashara. Hata katika kuingiza bidhaa nchini, imemwacha kando anayeingiza kwa matumizi yake binafsi ya nyumbani. Maana yake ni kwamba mzee wa ndevu nyeupe alikuwa hatarini usiku ule, na msichana hakuwa. Angekuwa Italia, mambo yangegeuka: huko mnunuzi mwenyewe anaweza kutozwa faini inayofika euro 7,000, na Ufaransa forodha inaweza kumshughulikia msafiri kwa mkoba mmoja tu wa bandia aliouning'iniza begani. Tendo ni lile lile, ila nchi moja imeamua kwamba mnunuzi ndiye anayelilisha soko, na nyingine imeona kuwafukuza wanunuzi ni kuwasumbua wanyonge.

Hapa niseme neno la pembeni, kwa sababu linaonyesha hatari ya kulitanua neno bandia kupita kiasi. Sheria yetu ya 2008 ilipotungwa, tafsiri yake ya bidhaa ghushi ilikuwa pana mno hata ikatishia kuzikumba dawa halali zisizo na jina la kampuni kubwa, zikiwemo za kupunguza makali ya Ukimwi. Wagonjwa walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo, kwa jinsi vilivyogusa dawa, vilihatarisha haki ya kuishi. Tangu hapo mimi husita kila ninaposikia mtu akisema kwamba kila kilicho rahisi kuliko cha mwenye jina ni wizi.

Turudi dukani. Kati ya muuzaji na mnunuzi, ninashindwa kuona ghushi usiku ule. Wengi wetu tulifundishwa katika chuo cha Kurani hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ya Mtume kupita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akasema mwenye kughushi si katika yeye. Mzee wa mikoba aliiweka iliyolowa juu. Kwa hakika aliitaja kabla ya kubanwa, jambo ambalo wauzaji wengi wa simu na manukato hawalifanyi.

Hata hivyo ukweli wake kwa msichana haukumlipa mtu wa tatu ambaye hakuwapo. Wanazuoni wa sasa hawakuliacha suala hilo. Baraza la kimataifa la fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwamba jina la biashara, alama yake na haki za uvumbuzi ni mali yenye thamani inayotambuliwa kisheria, na haijuzu kuzivamia. Nimeona watu wakishangaa kusikia hivyo, kwa kuwa wamezoea kuifikiria mali kama kitu cha kushikika, shamba au jahazi. Lakini mtu yeyote wa Lamu anajua kwamba duka linaweza kuungua kwa moto usiku mmoja, na mwenyewe akaanza tena kesho yake kwa mkopo, kwa sababu tu jina lake ni zuri kwa wauza jumla wa Mombasa. Jina hilo ni mali, na mwenye nalo alilifanyia kazi.

Sasa mwenye jina la kwenye mkoba amepoteza nini? Takwimu zinazotajwa mara nyingi ni za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo pamoja na ofisi ya Ulaya inayosimamia haki za ubunifu, ambazo zilikadiria kwamba biashara ya kimataifa ya bidhaa bandia mwaka 2021 ilifikia dola bilioni 467, sawa na asilimia 2.3 ya bidhaa zote zilizoingizwa katika nchi za dunia, na kwamba nguo, viatu na bidhaa za ngozi ndizo zilizokamatwa zaidi. Ni fedha nyingi, lakini tusizisome vibaya. Hiyo ni thamani ya bandia zenyewe. Si hasara ya wenye nembo. Msichana wa shilingi 1,800 hakuwa njiani kwenda Milan kununua mkoba wa zaidi ya euro elfu moja akabadilisha nia alipofika Usita wa Mui. Mauzo ambayo yasingekuwapo hayawezi kuibwa. Anayepata hasara ya kweli ni nyumba ambayo wateja wake wa kweli wamelaghaiwa wakauziwa bandia kwa bei ya asili, na hilo ni soko jingine kabisa, la watu wenye fedha na wenye kujiamini kupita kiasi.

Wanaotetea bandia hufika hapa wakaongeza kasi. Husema nyumba hizo zenyewe hazina usafi wa kutufundisha, na mifano wanayo. Mwaka 2018 Burberry, nyumba ya mitindo ya Uingereza, ilikiri kwamba katika mwaka wake wa fedha uliotangulia iliteketeza bidhaa zake yenyewe zenye thamani ya pauni milioni 28.6, ili zisiuzwe kwa bei ya chini zikapoteza hadhi, na baada ya kelele za watu ikatangaza kuuacha mtindo huo. Mwaka 2024 mahakama ya Milan iliiweka chini ya usimamizi wake kampuni tanzu ya Dior, nyumba ya Ufaransa, baada ya wachunguzi kukuta karakana za wakandarasi zenye wafanyakazi walionyonywa, na katika nyaraka za kesi ikaonekana kwamba mkoba uliouzwa madukani kwa euro 2,600 mkandarasi alilipwa euro 53 kuuunganisha, mbali na gharama ya ngozi na mengineyo. Usimamizi huo uliondolewa mwaka uliofuata, lakini hizo namba mbili watu hawajazisahau, na sioni kwa nini wazisahau.

Ninakubali kwamba habari hizi zinaivua nyumba ya mitindo kilemba cha uadilifu. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kusema kwa hiyo kuchukua jina lake ni halali. Mtu hachukui jahazi la jirani kwa sababu jirani huwapunja mabaharia. Lipo na jambo ambalo hutajwa mara chache: wachunguzi wa Milan waliweza kufika mlangoni mwa kampuni ile kwa sababu mkoba ulikuwa na jina la kweli. Walifuata jina, wakafuata mkataba, wakafika penye cherehani. Mkoba wa shilingi 1,800 unaelekeza kwenye nyumba ambayo haikuushona. Aliyeushona alikuwa mtu mzima au mtoto, alilipwa au hakulipwa, gundi aliyoivuta ilikuwa na nini ndani yake, hakuna pa kuuliza. Chama cha wafanyabiashara wa nguo na viatu cha Marekani, ambacho bila shaka kina maslahi yake katika jambo hili, kilipima bidhaa bandia 47 mwaka 2022 na kukuta 17 zikivuka viwango vya usalama kwa kemikali kama madini ya risasi na kadimiamu. Hata tukipunguza kwa sababu ya maslahi ya mpimaji, mtu anayemvalisha mtoto wake viatu vya bandia hana mtu wa kumrudia.

Yupo pia mtu ambaye kisa chake hakiruhusu jibu la haraka. Mshonaji wa Harlem, New York, anayejulikana kwa jina la Dapper Dan, alifungua duka mwaka 1982 akawa anachapa herufi za nyumba kubwa kwenye ngozi na kushona makoti ambayo nyumba hizo hazikuwahi kuyawaza, kwa wateja weusi ambao madukani kwao walitazamwa kwa jicho la shaka. Alishtakiwa, akavamiwa, na kufikia 1992 duka likafungwa. Miaka 25 baadaye, mwaka 2017, Gucci ilionyesha jukwaani koti lililofanana mno na moja la kwake la zamani, watu wakapiga kelele, na mwisho nyumba hiyo ikafanya naye ushirikiano na kumsaidia kufungua karakana mpya palepale Harlem. Kisheria alikuwa mvunja nembo. Kisanaa yeye ndiye aliyeigwa. Mimi simwiti mghushi, kwa sababu hakuna aliyeingia dukani kwake akidhani yuko Italia. Lakini sijidanganyi kwamba wachapaji wa mikoba ya kontena wana ubunifu wa namna hiyo.

Anayeumia karibu nasi zaidi, kwa maoni yangu, hatajwi katika mabishano ya barazani. Ni fundi wa ngozi anayeshona makubadhi na mikoba kwa mkono wake, na kuitia jina lake dogo au asiitie kabisa. Mkoba wake wa ngozi ya kweli utauzwa ghali kuliko ule wa plastiki wenye herufi mbili, kwa sababu ngozi ina bei yake na siku za kazi zina bei yake. Msichana akiwa na shilingi 1,800 na Idi ikiwa kesho kutwa, herufi mbili zitashinda. Milan haikupungukiwa na kitu usiku ule. Aliyekosa mteja alikuwa hatua mia chache kutoka pale.

Nililijua hili vizuri zaidi siku nilipodanganywa mimi. Kofia ya Lamu, ile ya kutoboa, hukatwa kwa kitambaa cheupe, sehemu ya juu iliyo duara na ukanda wa ubavuni, ikachorwa maua, kisha fundi akatoboa vijitundu vidogo kimoja kimoja na kukizungushia kila kimoja uzi kwa sindano mpaka ukingo wake usimame. Kofia moja nzuri ni kazi ya miezi, na bei yake ni maelfu ya shilingi. Siku chache kabla ya Maulidi nilinunua moja kwa mchuuzi aliyeniapia kwamba ni kazi ya mkono. Bei ilikuwa ya kazi ya mkono, angalau. Niliivaa kwenda barazani, na mzee mmoja ninayemwita ami akanyosha mkono bila ya kusema kitu, nikampa. Aliigeuza ndani nje, akapitisha ukucha juu ya uzi. "Tazama, mwanangu," akasema, "uzi huu umetoka ua hili ukaingia ua lile bila ya kukatwa. Mkono hukata. Hini ni cherehani." Kisha akanirudishia kwa upole, kama mtu anayemrudishia mwenziwe barua ya msiba.

Hasira niliyoisikia ilinishangaza. Nilimwazia fundi aliyeketi kizingitini miezi mitatu na kofia mapajani, na mashine katika nchi ya mbali inayotoa mia kwa siku, kisha mtu akaja akaapa kwa jina la Mungu kwamba ya mashine ni yake yule wa kizingitini. Hapo nikakumbuka kicheko changu mbele ya duka la mikoba. Sikuweza kuieleza tofauti kwa namna iliyonipendeza. Ipo tofauti ya udhaifu, kwa kuwa fundi wa kofia hana mawakili na Gucci inao. Ipo tofauti ya uongo, kwa kuwa mimi niliapiwa na msichana aliambiwa kweli. Lakini kitendo cha kuchukua jina la kazi ya mtu na kulibandika penye kazi isiyo yake ni kile kile.

Na mambo haya huja kutoka pande zote mbili. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoi, kwa tahajia ya Kizungu, liwe nembo yake. Neno ambalo pwani hii imelivaa kiunoni vizazi kwa vizazi lilikaribia kuwa mali ya kampuni ya ng'ambo, na mfumaji wa Kenya anayepeleka bidhaa huko angejikuta yeye ndiye mvunja nembo. Pingamizi liliwekwa na ombi likaanguka. Kenya ikaja kutunga, mwaka 2016, sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inawapa jamii haki juu ya vitu kama hivi na kuzitwika kaunti kazi ya kuviorodhesha. Ukitaka kujua kama kofia ya mashine inaweza kuzuiliwa isiitwe kofia ya Lamu, huko ndiko pa kuanzia.

Imebaki nafsi ya mvaaji, na hapa ninakwenda taratibu. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imo hadithi ya mwanamke aliyemuuliza Mtume kama ni dhambi kujionyesha kwa mke mwenzake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Akajibiwa kwamba anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Sijui maneno yanayolikaribia suala letu kuliko hayo. Lakini hadithi inazungumzia kutaka mwingine aamini. Kwenye harusi za Lamu, ukumbi mzima wa wanawake unajua kwamba mikoba ile ni kopi, wanaulizana bei na duka, na wanacheka. Pale herufi zimekwisha kuwa ua tu, kama maua ya leso. Ni tofauti na kijana anayevaa saa ya bandia kwenda kuposa, au mfanyabiashara anayeivaa ili akopeshwe mali kwa kudhaniwa tajiri. Huyo anachukua amana ya watu kwa nguo ya uongo, na wahenga walishamwambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ambao hunukuliwa sana, unaodai kwamba wanawake waliopewa miwani na kuambiwa ni ya bandia walidanganya zaidi katika mtihani mdogo kuliko walioambiwa ni ya asili, ingawa miwani ilikuwa ile ile. Ningeutegemea zaidi kama wawili kati ya watafiti wake watatu wasingekuja kukumbwa na shutuma za data kughushiwa katika tafiti nyingine, shutuma ambazo wote wawili wamezikanusha. Acha tuutoe katika hesabu, tubaki na tunayoyaona kwa macho yetu.

Anayetaka jina la kweli kwa fedha kidogo ana njia ambayo haina dhulma kwa mtu, nayo ni mitumba. Kitu cha asili kikishauzwa mara ya kwanza na mwenye nembo, aliyekinunua ana haki ya kukiuza tena, na wapo wenye macho makali wanaochambua marobota ya Mombasa wakapata koti la kweli kwa bei ya kopi. Inahitaji subira na kujua kusoma mshono, elimu ambayo ami anayo kwenye ukucha.

Mchuuzi wangu nilimrudia. Fiqhi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akikuta ila aliyofichwa, nikamwambia hivyo kwa adabu. Akasema kofia ni kofia, ikishavaliwa hairudi. Basi ninayo bado, naivaa Ijumaa, na mgeni akiisifu kwa kazi nzuri ya mkono, humgeuzia ndani nikamwonyesha uzi unavyopita kutoka ua hadi ua.